Shemeji Anataka Dola Zote za Kampuni Zikae Benki

Mpendwa Mshauri,

Ninakusalimu kutoka Kisumu. Mimi ni mkurugenzi wa kampuni ndogo niliyoianzisha pamoja na ndugu mdogo wa mume wangu. Tunanunua vinyago, bakuli na sahani za mawe kutoka kwa wachongaji wa Tabaka kule Kisii, pamoja na vikapu vya magugu maji kutoka kwa kina mama wa Dunga, kisha tunaviuza ng'ambo. Mteja wetu mkubwa yuko Marekani na hulipa kwa dola. Wa pili yuko Ujerumani, huagiza kidogo na hulipa kwa yuro.

Kufikia sasa kampuni ina akaunti moja tu, ya shilingi. Malipo ya mwisho kutoka Marekani yalikuwa dola 8,000. Benki haikunipigia simu wala kuniandikia. Nilikuta tu shilingi zimeingia, zikiwa zimebadilishwa kwa shilingi 125.80 kwa dola, ilhali siku hiyo kiwango cha wastani kilichochapishwa na Benki Kuu kilikuwa 129.20. Nilipouliza, niliambiwa kwamba huo ndio utaratibu kwa akaunti ya shilingi, na kwamba nikitaka dola zangu zibaki dola nifungue akaunti ya fedha za kigeni.

Ushauri huo ndio uliotuingiza katika mvutano. Mwezi ujao tunatarajia dola 24,000 za oda kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Shemeji anasema tufungue akaunti ya dola na tusiguse hata senti hadi uchaguzi wa Agosti 2027 upite, kwa sababu ana hakika shilingi itaanguka. Wachongaji, kina mama wa vikapu, gari la kupeleka mzigo Mombasa, kodi ya karakana na mishahara, ambavyo kwa jumla vitahitaji takriban shilingi milioni 1.6 katika miezi mitatu ijayo, anataka tuvilipie kwa ovadrafti, yaani mkopo wa kutoa zaidi ya kilichomo katika akaunti, ambayo benki imekubali kutupa kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka. Katika akaunti ya shilingi tuna 300,000 pekee. Kwa upande wa dola, tunadaiwa nauli ya meli na gharama zake, kama dola 5,000 kwa kila shehena, na dola 1,500 za msasa wa maji na vifaa vya kufungashia tunavyoagiza kutoka nje. Shehena nyingine inatarajiwa kuondoka baada ya miezi minne hivi.

Ana wazo jingine pia. Kwa kuwa akaunti ya dola ya kampuni itakatwa ada kila mwezi, anapendekeza fedha hizo ziingie katika akaunti yake binafsi ya dola, ambayo tayari anayo katika benki nyingine na haikatwi ada, kisha atakuwa akizitoa tunapozihitaji. Mimi sioni vizuri, lakini nikikataa itaonekana kwamba simwamini. Mume wangu amekataa kuamua kati yetu. Juu ya hayo, jirani mmoja sokoni Kibuye ametuambia kwamba serikali imepiga marufuku biashara kuweka dola, na sasa sijui hata kama jambo lenyewe linaruhusiwa.

Je, sheria inasemaje? Tuweke kiasi gani? Na kodi itakuwaje? Nisaidie, kwa maana nyumbani chakula cha jioni kimeanza kuliwa kimya kimya.

Mkurugenzi, Kisumu

*

Mpendwa dada Mkurugenzi,

Nianze na jirani wa Kibuye, kwa sababu jambo lake ni jepesi. Kampuni iliyosajiliwa Kenya inaruhusiwa kuwa na akaunti ya dola, yuro, pauni au fedha nyingine ya kigeni katika benki yoyote ya hapa nchini iliyo na leseni, wala haihitaji kuomba kibali cha Benki Kuu. Zamani haikuwa hivyo: kulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Fedha za Kigeni, na mtu aliyeshikwa na dola bila idhini alikuwa mashakani. Sheria hiyo ililegezwa hatua kwa hatua mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ikafutwa mwaka 1995. Nadhani alichosikia jirani yako ni habari za Tanzania, ambako kanuni za mwaka 2025 zilikataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutangazwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Kanuni hizo haziihusu kampuni ya Kisumu inayolipwa na mteja aliye Marekani.

Fungueni akaunti hiyo, basi. Katika hilo shemeji yako yuko sahihi. Tunapoachana naye ni katika kiasi cha kuweka, na ni hapo ambapo wafanyabiashara wengi wa kanda yetu, wakiwemo wenye shahada, hupoteza fedha bila kujua zilikopotelea.

Akaunti ya dola ya kampuni ina kazi ya kulipia madeni ya dola. Kiasi cha kuacha humo kinatokana na ankara zilizo mezani, na wala hakitokani na maoni ya mtu kuhusu shilingi itakavyokuwa mwaka kesho kutwa. Kwa hesabu uliyonipa, shehena ya sasa inawadai dola 5,000 za nauli na 1,500 za vifaa, na shehena ya baada ya miezi minne itadai nauli nyingine ya 5,000. Jumla ni dola 11,500. Ongezeni dola 1,000 kwa sababu nauli za meli hupanda bila kubisha hodi na kontena likichelewa bandarini kuna ada za kila siku, mpate 12,500. Hizo ziacheni zilivyo. Kuzibadilisha kuwa shilingi leo na kuzinunua tena baada ya miezi minne kungekuwa kulipa benki mara mbili kwa kazi ambayo haikuhitajika kufanywa hata mara moja, kwani benki hununua dola kwa bei ya chini na kuziuza kwa bei ya juu, na tofauti hiyo hutoka mfukoni mwa mteja.

Dola 11,500 zinazobaki kati ya zile 24,000 zinangojewa na watu wanaokula shilingi. Mchongaji wa Tabaka hana haja na dola, na mama wa Dunga anataka M-Pesa yake Ijumaa. Mkizibadilisha kwa shilingi 128, kwa mfano, mtapata 1,472,000, na mkijumlisha na 300,000 mlizo nazo mtamaliza gharama zote za miezi mitatu na kubakiwa na takriban 172,000, bila ya kumgusa mkopeshaji.

Sasa tupime njia ya shemeji kwa nambari, kwa sababu naona ndani ya barua yako inajadiliwa kwa hisia. Mnahitaji kukopa shilingi milioni 1.3. Kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, ikiwa ovadrafti yote imetumika, miezi sita itawagharimu shilingi 104,000. Fedha hizo 1,300,000 ni sawa na takriban dola 10,156 kwa bei ya 128. Ili dola hizo ziweze kulipa deni pamoja na riba baada ya nusu mwaka, benki italazimika kuzinunua kwa shilingi 138.20 hivi. Hapo mtakuwa hamjapata faida yoyote, mtakuwa mmerudi tu mlipoanzia. Mkikaa nazo mwaka mzima, riba inafika 208,000 na bei ya kuwarudisha mlipoanzia inafika takriban 148.50, kabla ya kuhesabu ada ya kupanga mkopo na ada za kila mwezi. Kila mwezi unaopita hupandisha kizingiti hicho, na wakati huo dola zenu katika akaunti ya kawaida hazizai kitu, au huzaa riba ndogo sana. Tangu katikati ya mwaka 2024 dola imekuwa ikizunguka karibu na shilingi 129. Sisemi haiwezi kupanda. Ninasema kwamba mpango wa shemeji unahitaji ipande kwa kasi fulani na kabla ya wakati fulani, na hilo ni dai kubwa zaidi kuliko kusema tu kwamba shilingi itaanguka.

Hata hivyo usimwone mjinga, maana hofu yake ina historia. Mwishoni mwa mwaka 2022 dola ilikuwa karibu na shilingi 123. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa imefika 156 au zaidi, na Januari 2024 ilivuka 160. Katika kipindi hicho kulikuwa na jambo baya kuliko bei, nalo ni uhaba. Wenye viwanda walilalamika hadharani kwamba wakiomba dola benki wanapewa kidogo kidogo, hali iliyofanya Benki Kuu itoe mwongozo mpya wa soko la fedha za kigeni Machi 2023 ili benki zirudi kuuziana dola zenyewe kwa zenyewe, na serikali ikaingia katika mpango wa kununua mafuta kwa mkopo wa siku 180 kutoka nchi za Ghuba ili kupunguza kiu ya dola ya kila mwezi. Mwenye ankara ya nauli ya meli na akaunti ya dola tupu aliteseka kweli. Kumbukumbu hiyo ndiyo hoja bora ya kuacha zile dola 12,500, na ningemwambia shemeji waziwazi kwamba ni hoja yake.

Lakini historia hiyo haikuishia Januari. Serikali ilikuwa na deni la Eurobond, yaani hati za deni zilizouzwa kwa wawekezaji wa nje, la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni 2024, na soko liliogopa kwamba halitalipika. Februari ikauza hati mpya za dola bilioni 1.5 na kutumia fedha hizo kununua sehemu kubwa ya deni la zamani. Hofu ikaondoka, waliokuwa wameficha dola wakakimbilia kuziuza, na kufikia Aprili bei ilikuwa karibu na 130. Kampuni iliyokuwa na dola 20,000 Januari kwa bei ya 160 iliona shilingi milioni 3.2, ilipoamka Aprili ziliuzika kwa milioni 2.6. Laki sita ziliyeyuka katika majuma machache, na aliyekuwa amekopa shilingi ili asiguse dola zake, kama mnavyotaka kufanya, alibaki pia na riba ya kulipa.

Kuhusu uchaguzi, sina la kutabiri na ningependa wengi wa wanaotabiri redioni nao wakiri hivyo. Mwaka 2017 tulipiga kura Agosti, Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais, uchaguzi ukarudiwa Oktoba, na hapa Kisumu unajua tulivyouishi mwaka huo. Dola ilibaki karibu na shilingi 103 mwaka mzima. Anguko la baada ya uchaguzi wa 2022 lilisukumwa zaidi na kupanda kwa riba nchini Marekani pamoja na ile hofu ya deni la nje, mambo ambayo yangekuwepo hata kama kura zingepigwa mwaka mwingine. Uchaguzi unaweza kuitikisa shilingi. Si kalenda ya kupangia malipo ya wachongaji.

Sasa nifike kwa jambo ambalo wewe umeliandika kwa aya moja na mimi naliona zito kuliko yote, yaani akaunti binafsi ya shemeji. Kataa, dada, na ukatae kwa maandishi. Kampuni ni mtu mbele ya sheria, na dola 24,000 hizo ni mali yake. Si zako wala si za shemeji. Zikiingia katika akaunti ya mkurugenzi, kwanza vitabu vya kampuni vitaonyesha mauzo ambayo malipo yake hayaonekani benki, na KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, ikiuliza itabidi mthibitishe kwamba fedha zilizo katika jina la mtu binafsi si mapato yake yeye. Pili, benki yake itamuuliza kwa nini mtu binafsi anapokea malipo ya bidhaa zilizopita forodha kwa jina la kampuni, swali ambalo ni la haki, kwa kuwa benki zinalazimika kisheria kuchunguza chanzo cha fedha na kutoa taarifa kwa Kituo cha Taarifa za Fedha zikiona jambo la kutiliwa shaka. Mara nyingi huomba hati za kuthibitisha biashara yenyewe kwa miamala ya dola 10,000 au zaidi, na ankara yenu haitakuwa na jina lake. Tatu, na naomba radhi kulitaja, binadamu hufa. Mungu akimchukua kesho, akaunti hiyo itafungwa hadi mirathi ipite mahakamani, na warithi wake watakuwa na haki ya kudai kwamba ni zake. Wewe utabaki na wachongaji mlangoni.

Mwambie hivi: si suala la kuaminiana, kwa sababu hata wewe hutaki ziingie katika akaunti yako. Naamini atalielewa akilisikia hivyo. Na ada ya akaunti ya kampuni iulizeni katika benki mbili tatu kabla ya kuamua, maana zinatofautiana sana na baadhi huiondoa kabisa kwa mteja anayepokea fedha kutoka nje mara kwa mara. Hata pasipo punguzo, sidhani kwamba ada ya mwezi inafika popote karibu na hasara ya kubadilishiwa dola 8,000 kwa 125.80.

Hasara hiyo tuihesabu, kwa sababu iko mkononi mwako kuizuia. Tofauti ya shilingi 3.40 kwa kila dola mara 8,000 ni shilingi 27,200. Benki haitakupa kiwango cha wastani cha Benki Kuu, na si haki kukitarajia, kwa sababu nayo huishi kwa tofauti ya bei. Lakini kiwango kinachobandikwa ukutani au kinachotumiwa na mashine kubadilisha fedha zinazoingia ni cha mteja ambaye hajauliza. Mwenye dola elfu kadhaa huzungumza bei. Asubuhi ya siku mnayotaka kubadilisha, omba bei kutoka kwa dawati la fedha za kigeni la benki yenu, uombe nyingine kutoka benki ya pili na ya tatu kutoka kwa duka la kubadilisha fedha lenye leseni, zote ndani ya saa hiyohiyo kwa sababu bei husogea, kisha urudi kwa benki yenu na nambari uliyoipata. Kila senti 50 utakayoongezewa kwa dola 11,500 ni shilingi 5,750. Mtaa wa Oginga Odinga una benki za kutosha kuifanya kazi hiyo kwa miguu, ingawa simu inatosha.

Akaunti ikishafunguliwa, mpeleke mteja wa Marekani maelezo mapya ya malipo kwa njia mliyoizoea, na mmpigie simu kuyathibitisha, kwa sababu wezi wa mtandaoni hupenda sana barua za kubadilisha nambari za akaunti. Mwandikieni pia meneja wa benki kwamba dola zozote zitakazoingia kwa jina la kampuni ziende katika akaunti ya dola na zisibadilishwe bila maagizo yenu. Mwelezeni mteja kwamba gharama za kutuma azilipe yeye zote, au mkubaliane mapema kuzigawana, la sivyo benki za katikati zitameza dola 20 au 30 njiani na ankara itaonekana haijalipwa kikamilifu.

Msidhani pia kwamba dola zilizo katika akaunti na dola za karatasi ni kitu kimoja. Benki nyingi hutoza kamisheni ukitaka kuzichukua taslimu, na huweza kukutaka utoe taarifa mapema. Nauli ya meli lipeni kwa kuhamisha, kutoka akaunti hadi akaunti.

Kuhusu kodi, kanuni si ngumu. Vitabu na marejesho ya KRA huandikwa kwa shilingi, kwa hiyo kila malipo ya dola huingizwa kwa kiwango cha siku yake. Dola mlizoziandika kwa 129 mkiziuza baadaye kwa 134, zile shilingi 5 kwa kila dola ni mapato ya kampuni na hutozwa kodi kama faida nyingine, ambayo kwa kampuni ya Kenya inayolipa kodi ya kawaida ya kampuni ni asilimia 30. Mkiziuza kwa 124, hasara hiyo hupunguzwa kutoka kwa faida. Kinachohesabiwa ni faida au hasara iliyopatikana kweli, dola zilipouzwa au kulipia deni, si ile ya kwenye karatasi iliyoonekana mwisho wa mwaka. Riba ya ovadrafti iliyochukuliwa kwa ajili ya biashara nayo hupunguzwa, kwa hiyo kodi haibadilishi mshindi katika hesabu niliyokupa hapo juu. Hifadhini ankara, hati za forodha za kuuza nje na taarifa za benki katika jalada moja kwa kila shehena, kwa sababu bidhaa mnazouza nje hutozwa VAT ya asilimia sifuri na unafuu huo hudaiwa kwa hati.

Umeshangaa pengine kwamba sijataja usalama wa benki yenyewe. Kinga ya amana inayotolewa na KDIC, shirika la serikali la bima ya amana, tangu mwaka 2020 ni shilingi 500,000 kwa kila mwenye amana katika kila benki, akaunti zake zote zikijumlishwa, na dola 12,500 ni zaidi ya mara tatu ya hapo. Waliokuwa na fedha katika Imperial Bank mwaka 2015 na Chase Bank mwaka 2016 wanajua maana yake. Sikutishi, benki kubwa haianguki kila mwaka. Lakini ni sababu nyingine ya kutolimbikiza dola zisizo na ankara.

Yuro za Ujerumani ni kidogo, na kwa sasa sioni haja ya akaunti ya tatu. Angalia tu jambo moja: zisipitishwe kwanza kuwa dola ndipo ziwe shilingi, maana mtakatwa mara mbili. Zibadilishwe moja kwa moja. Mkiamua siku moja kwenda kwenye maonyesho ya bidhaa za nyumbani kule Frankfurt, ambako kibanda na hoteli hulipiwa kwa yuro, hapo akaunti ya yuro itakuwa na kazi.

Njia ya kumaliza mvutano huu ni azimio la bodi la ukurasa mmoja, ambalo benki itawaomba hata hivyo pamoja na cheti cha usajili, CR12 (hati inayoorodhesha wakurugenzi na wenye hisa), PIN ya kampuni na vitambulisho vyenu. Liandikeni kwamba akaunti ya dola itatolewa fedha kwa saini za wakurugenzi wote wawili. Kwamba itabakiwa na ankara za dola za miezi minne ijayo na dola 1,000 za dharura. Na kwamba kinachozidi kitabadilishwa ndani ya siku saba tangu kuingia, kwa bei bora kati ya tatu mtakazoomba. Shemeji akisisitiza kubashiri, mkubalie kiasi ambacho kampuni inaweza kukikosa bila kukopa. Katika hesabu yenu ya sasa ni zile shilingi 172,000 zinazobaki baada ya gharama zote, yaani kama dola 1,300. Ziandikeni kando katika vitabu, kwa tarehe na kiwango cha siku hiyo, na mzipitie pamoja ankara ya nauli ya shehena ya pili itakapokuwa imelipwa.

Mshauri